Hatua elfu kumi kwa siku: ekipe za kazini zinazotembea juu ya watoto wasioweza kutembea

Mwezi wa tisa ukifika, biro nyingi za Australia zinabadilika sura kidogo. Saa ya kula, wafanyakazi wanavaa raba na kutoka nje wanne wanne. Wengine wanaacha lifti na kupanda ngazi kwa miguu. Mkutano uliopaswa kufanywa kwenye viti unafanywa njiani. Jioni kila mmoja anaangalia simu yake na kuuliza wenzake: umefikisha ngapi leo?

Kazi hiyo inaitwa Steptember, jina lililotungwa kwa kuunganisha neno la Kiingereza la hatua na jina la mwezi wa tisa. Inaongozwa na shirika la Cerebral Palsy Alliance la mjini Sydney, linalohudumia watoto na watu wazima wenye mtindio wa ubongo. Huku Congo wanganga wanauita ulemavu huo kwa herufi tatu za Kifaransa, IMC. Ni ulemavu wa mwendo unaotoka kwenye ubongo: ubongo wa mtoto uliumia mbele ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, ao katika miaka yake ya kwanza. Mtoto anaweza kuchelewa kukaa, kushindwa kutembea, kushindwa kusema ao kumeza chakula, hata kama akili yake ni nzima. Ulemavu huo hauambukizi, na hakuna dawa ya kuuondoa. Kuna mazoezi, viti, vifaa, na watu wa kusaidia. Hayo yote yanaomba makuta.

Kanuni za Steptember ni fupi. Ekipe moja ni watu mpaka wanne. Kila mmoja anajipa lengo la kupiga hatua 10,000 kila siku katika mwezi wa tisa. Ekipe ya wanne ikitimiza hivyo kwa siku 28, inakuwa na hatua 1,120,000. Kama hatua ya mtu mzima ni sentimita 70 hivi, hiyo ni karibu kilometa 780: sawa na kutoka Goma mpaka Bukavu kwa barabara na kurudi, mara mbili, watu wanne wakigawana njia.

Asiyetembea naye ana nafasi. Kuogelea, kupanda baiskeli, kucheza muziki, kusukuma kiti cha magurudumu, yote yanahesabiwa na kugeuzwa kuwa hatua. Kanuni hii ni ya lazima. Ingekuwa ajabu kukusanya makuta juu ya watu wasiotembea, halafu kuwafungia mlango kwa sababu hawatembei.

Hatua hazilipi

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalielewi mara ya kwanza. Hatua zenyewe hazileti hata senti moja. Hakuna mashine inayogeuza mwendo kuwa dola. Kinacholeta makuta ni kuomba. Kila mwanaekipe anafungua ukurasa wake kwenye intaneti, anaandika kwa nini ameingia, kisha anaupeleka kwa ndugu, marafiki, majirani na wateja. Wanaomjua wanatoa kidogo kidogo. Kampuni nyingine zinaahidi kuongeza kiasi kilekile ambacho wafanyakazi wao wamekusanya, na hapo mchango unakuwa mara mbili.

Basi kutembea kunafanya kazi gani? Kunampa mwombaji sababu ya kuomba. Mtu akisimama mbele ya shemeji yake na kusema tu «nipe dola kumi za watoto», ni vigumu. Akisema «niko siku ya kumi na tisa, miguu inauma, bado siku nyingine», shemeji anacheka, halafu anatoa. Watafiti wawili wa Marekani, Christopher Olivola na Eldar Shafir, waliandika juu ya jambo hilo mwaka 2013. Waligundua kwamba watu wako tayari kutoa zaidi kama mchango unapitia kwenye taabu, kwa mfano kukimbia mbio ndefu, kuliko kama unapitia kwenye sherehe ya kula na kunywa. Akili ya kawaida ingesema kinyume. Lakini yeyote aliyewahi kupita nyumba kwa nyumba akikusanya michango ya matanga anajua kwamba watu wanamtazama kwanza yule anayepita: amejichosha kweli, ao amekaa tu na daftari?

Na kwa nini wanne, si mmoja mmoja? Hapa wakaaji wa Kivu hawahitaji profesa wa kuwaeleza. Likelemba inasimama kwa sababu hiyohiyo. Mtu anaweza kujidanganya yeye mwenyewe kila siku, lakini ni vigumu kumdanganya mama wa meza ya pili sokoni, anayengoja zamu yake na anayejua nyumba yako iko wapi. Ekipe ya watu wanne ni ndogo kiasi kwamba kila pengo linaonekana. Katika kikundi cha mia moja, mvivu anajificha. Katika kikundi cha wanne hana pa kujificha.

Hata hivyo, ekipe peke yake haifanyi miujiza. Mwaka 2016 wanganga wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio moja walilofanya na wafanyakazi 304 wa Philadelphia, waliogawanywa katika ekipe 76 za watu wanne. Lengo lilikuwa hatua 7,000 kwa siku, kwa majuma 13. Kundi moja liliahidiwa makuta kwa kazi ya kila mtu peke yake, lingine kwa kazi ya ekipe nzima, la tatu kwa vyote viwili pamoja, na la nne halikuahidiwa kitu. Waliofanya vizuri kushinda ni wale wa vyote viwili. Wale waliotegemea ekipe peke yake hawakuwazidi wasiolipwa. Na makuta yalipokoma, tofauti ikapotea.

Jibu hilo linasaidia kuelewa kwa nini shindano linawekwa kwa mwezi mmoja tu na kufungwa. Waandalizi hawangojei mtu atembee hivyo maisha yake yote. Wanataka mwezi mmoja wa moto, wakati ambapo jina la watoto hao linatajwa kila siku kazini, kisha watu warudie maisha yao mpaka mwaka unaofuata.

Hesabu iliyotoka kwenye matangazo ya biashara

Hatua 10,000 zinatajwa leo kana kwamba ziliandikwa na munganga. Ukweli ni kwamba zilitoka dukani. Mwaka 1965, baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964, kampuni ya Yamasa ya Japani iliuza kifaa cha kufunga kiunoni kwa kuhesabu hatua. Ilikiita Manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Hesabu ilikuwa ya mviringo, rahisi kukumbuka, na ikauza vizuri. Ikabaki.

Wanasayansi walikuja kuichunguza nyuma sana. Mwaka 2019, I-Min Lee na wenzake wa Marekani walifuatilia wanawake zaidi ya 16,000, wengi wao wakiwa na miaka zaidi ya sabini. Waliokuwa wanapiga hatua karibu 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko wale wa hatua 2,700. Faida iliendelea kupanda mpaka karibu hatua 7,500, kisha ikasimama. Mwaka 2025 uchunguzi mwingine mkubwa, ulioongozwa na Melody Ding wa Chuo Kikuu cha Sydney, ulikusanya kazi nyingi za namna hiyo na kufikia jibu lililo karibu na lile: hatua 7,000 kwa siku zinaleta sehemu kubwa ya faida.

Kwa hiyo mfanyakazi wa biro anayeishia kwenye 8,000 hana sababu ya kuona haya mbele ya moyo wake ao mishipa yake. Ataona haya mbele ya ekipe tu. Na kwa makuta ya watoto, haya hiyo ndiyo inayosaidia.

Kutoka nyumba ya Mosman

Shirika lenyewe halikuanza na raba wala simu. Lilianza mwaka 1945, wakati Neil na Audrie McLeod, wazazi wa binti mwenye mtindio wa ubongo, walipofungua pamoja na wazazi wengine kituo katika mtaa wa Mosman, Sydney. Walitaka watoto wao wapate mazoezi na masomo pahali pamoja, badala ya kubaki wamelala nyumbani. Kwa miaka mingi kituo hicho kilikuwa na jina ambalo lilikuja kugeuka kuwa tusi midomoni mwa watu, na mwaka 2011 likaachwa.

Njia za kutafuta makuta nazo zilibadilika. Kuanzia miaka ya 1950 mpaka mwaka 2000, vituo vya namna hiyo katika Australia vilisaidiwa na mashindano ya Miss Australia. Wasichana hawakuhukumiwa juu ya uzuri peke yake: waliombwa pia kukusanya michango. Leo wazo hilo lingezua mabishano makubwa. Lakini mfano wake ni uleule wa Steptember: mtu anayejulikana mtaani kwake anajibebesha kazi, anaomba kwa jina lake, na makuta yanafuata.

Yanakwenda wapi? Sehemu inalipa huduma za kila siku: mazoezi ya viungo, mafundisho ya kusema, viti, vifaa vya kompyuta kwa mtoto asiyeweza kutamka neno lakini ana mengi ya kusema. Sehemu nyingine inakwenda kwenye utafiti.

Mwaka 2017 wataalamu wa inchi mbalimbali, wakiongozwa na Iona Novak wa shirika hilohilo, walitangaza kwamba mtindio wa ubongo unaweza kutambuliwa mbele ya mtoto kufikisha miezi sita. Zamani wazazi waliambiwa «tungoje tuone» mpaka mtoto akapita mwaka, hata miaka miwili. Njia moja ya kutambua haihitaji mashine kubwa. Mtoto wa miezi mitatu hivi analazwa chali, anapigwa video kwa dakika chache, na mtu aliyefundishwa anaangalia kama mikono na miguu yake inafanya ile misogeo midogo ya kujinyonganyonga ambayo mtoto mzima anaifanya. Isipoonekana, mazoezi yanaanza mara moja, wakati ubongo ungali laini na unajifunza haraka.

Jambo lingine halikutoka kwenye raba za mtu yeyote, lakini linafaa kutajwa kwa sababu linahusu kila hospitali ya Kivu. Katika Australia, idadi ya watoto wanaozaliwa na kupata mtindio wa ubongo imeshuka kwa karibu asilimia 30 tangu miaka ya 1990. Wataalamu wanataja sababu kadhaa, na moja ni magnezi, ile sulfate ya magnezi ambayo wakunga na wanganga wa Congo wanaijua tayari kwa wamama wanaopatwa na kifafa cha mimba. Uchunguzi uliofanywa katika Australia na New Zealand na kutangazwa mwaka 2003, pamoja na mingine iliyofuata, ulionyesha kwamba mama anayekaribia kuzaa mbele ya wakati akipewa dawa hiyo, hatari ya mtoto kupata ulemavu huo inapungua kwa karibu theluthi moja. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, liliiingiza katika mashauri yake mwaka 2015 kwa mimba ambazo hazijafikisha majuma 32. Ni dawa ya bei ndogo. Inaomba kwanza kwamba mama awe amefika kwenye kitanda cha hospitali kwa wakati.

Malalamiko ya chini kwa chini

Si wote wanaopenda mashindano haya. Lalamiko la kwanza ni juu ya neno «kujitolea». Mkubwa wa kazi akipita meza kwa meza akiuliza nani anaingia kwenye ekipe, ni nani atamwambia hapana? Mfanyakazi mwenye magoti mabovu, mwenye mimba, ao mwenye madeni nyumbani, anajikuta ameandikwa. Kisha anaombwa kuwaombea wengine makuta, yeye ambaye mshahara wake mwenyewe haufiki mwisho wa mwezi. Wakaaji wa Congo waliokomaa wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu: kazi ya pamoja, nzuri kwa jina, ambayo mtu aliifanya akiangalia nani anamwangalia.

Lalamiko la pili ni la uongo mdogo. Kipimo cha hatua hakijui kama kiko kiunoni mwa mtu ao la. Hadithi za watu wanaotikisa simu wakiwa wameketi mbele ya televisheni, ao kuifunga shingoni mwa mbwa, zinasimuliwa popote shindano la namna hii linapofanywa. Waandalizi hawahangaiki sana nayo. Aliyetoa mchango ametoa, na mbwa amefanya mazoezi.

La tatu ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wazima wenye ulemavu wenyewe. Wengi wao wanasema wamechoka kuonyeshwa kama watoto wa kuhurumiwa, na wamechoka kusikia kwamba kutembea ndiko kuishi. Mtu anaweza kuwa kwenye kiti cha magurudumu na kuwa mwalimu, mhasibu, mzazi. Anachohitaji ni mlango mpana, njia isiyo na ngazi, na patroni wa kumpa kazi. Kampuni inayotembeza wafanyakazi wake mwezi mzima juu ya watoto wenye ulemavu, lakini haijaajiri hata mtu mzima mmoja mwenye ulemavu huo, ina jibu la kutafuta, na hatua milioni moja hazitalitoa.

Nairobi, juu ya mioyo ya watoto

Karibu zaidi na Kivu, kuna mfano mwingine wa zamani. Tangu miaka ya 1990, hospitali ya Mater ya Nairobi, iliyofunguliwa na masista wa Mercy mwaka 1962, inaandaa matembezi na mbio za kila mwaka zinazoitwa Mater Heart Run. Makuta yanalipia upasuaji wa moyo wa watoto ambao wazazi wao hawana uwezo. Makampuni yanawanunulia wafanyakazi wao fulana, na asubuhi ya siku hiyo wanaonekana kwa vikundi, wakubwa wa kazi na walinzi wa mlango wakiwa wamevaa rangi moja. Hakuna kuhesabu hatua wala siku. Aliyenunua fulana ameshatoa mchango wake hata kama anatembea polepole na kusimama kununua maji.

Sehemu ya magonjwa ya moyo ya watoto katika eneo hili inaanzia kwenye koo. Mtoto anaumwa koo na homa, hapewi penisilini, inapona yenyewe, inarudi, na baada ya miaka milango ya moyo imeharibika. Gharama ya upasuaji ni ya maelfu ya dola, kumbe sindano ingekuwa ya bei ndogo sana. Kwa familia za Congo hesabu hiyo ni chungu zaidi, kwa kuwa mara nyingi mtoto anapaswa kuvuka mpaka ili afanyiwe upasuaji wa moyo.

Huku, kutembea si michezo

Ukimweleza mama anayebeba mizigo kutoka Beach Muhanzi kupanda soko la Kadutu kwamba kuna watu wanaojilazimisha kutembea ili kufikisha hatua elfu kumi, atauliza kama hawana kazi. Yeye amezifikisha mbele ya saa nne asubuhi, na kilo hamsini mgongoni. Mwalimu anayeishi Panzi, mkulima wa Kabare anayeshuka mjini na mboga, msukuma chukudu wa Goma, wote wangeshinda shindano la Sydney bila kujua kwamba wameshiriki. Kuna pia usalama: kutembea alfajiri ao jioni ili kukamilisha hesabu ni mchezo ambao hauwezekani kila mtaa.

Kwa hiyo atakayeleta wazo hili mashariki mwa Congo asilete kipimo cha hatua. Alete mambo mengine matatu: watu wanne wanaojuana, siku zilizo na mwanzo na mwisho, na hesabu inayosomwa mbele ya wote. Taabu yenyewe inaweza kuwa nyingine. Wafanyakazi wa shule wanaweza kuacha moto na kwenda kazini kwa miguu, wakiweka kando makuta ya moto waliyookoa. Wafanyakazi wa hospitali wanaweza kuacha bia ya Ijumaa. Hapo fedha ziko tayari, hakuna haja ya kumwomba shemeji. Baada ya benki za Goma na Bukavu kufunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, watu wengi wamezoea kutuma na kupokea kila kitu kwa simu, na simu inaacha alama: nani ametuma, siku gani, kiasi gani. Kwa kikundi kidogo, kuonyesha alama hizo kila Jumamosi kunatosha kuzuia minong'ono.

Kazi ya makuta hayo haitakosekana. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, na kutangazwa mwaka 2017, ulikuta karibu watoto 3 wenye mtindio wa ubongo katika kila watoto 1,000. Karibu robo yao waliumia ubongo baada ya siku zao za kwanza duniani, juu ya magonjwa kama malaria kali. Katika inchi tajiri sehemu hiyo ni ndogo mara nyingi. Kivu ina malaria ileile, na ina uzazi unaochelewa njiani juu ya barabara ao vita, na watoto wachanga ambao macho yao yanageuka manjano bila mtu kuwapeleka kwa munganga mpaka imekuwa mno.

Vituo vipo. Shirika la Umoja, Goma, na Heri Kwetu, Bukavu, vinajulikana na wakaaji kwa kazi yao na watu wenye ulemavu. Lakini kituo hakimfuati mtoto nyumbani. Mazoezi ya viungo yanafaa kurudiwa kila juma kwa miezi na miaka, na kinachoyakatiza mara nyingi ni jambo dogo. Mtoto akiwa na mwaka mmoja, mama anambeba mgongoni. Akifikisha miaka minane, hawezi tena. Moto ni kwenda na kurudi. Juma la kwanza anakosa, la pili anakosa, kisha viungo vinakaza. Halafu majirani wanaanza kusema maneno. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumshitaki mtoto kuwa mchawi, lakini mtoto asiyesema hawezi kwenda kulalamika mbele ya yeyote.

Hapo ndipo ekipe ya watu wanne inaweza kupima uwezo wake bila kujidanganya: kulipia moto ya mtoto mmoja kwenda kwenye mazoezi mwaka mzima, na kuonyesha daftari. Ao kulipia kikundi cha wamama wakutane. Katika Afrika ya Kusini, chama cha Eastern Cape kilitunga mafundisho yanayoitwa Hambisela, ambapo wazazi wanafundishwa namna ya kumlisha mtoto bila kumpaliza, namna ya kumketisha na kumgeuza, wakifundishana wao kwa wao. Mafundisho ya aina hiyo yalifika baadaye Bangladesh na inchi zingine. Kinachohitajika ni chumba, mkeka, na mtu mmoja aliyesomea kine.

Kiti pia kinaweza kutengenezwa pale pale. Mwalimu mmoja wa Zimbabwe, Bevill Packer, alieneza ufundi wa kutengeneza viti na meza kwa makaratasi: katoni za dukani na magazeti ya zamani yanapakwa uji wa unga kama gundi, yanabandikwa tabaka juu ya tabaka, yanakandamizwa na kuachwa yakauke. Kikikauka vizuri, kiti hicho kinabeba mtu mzima. Kinakatwa kwa kipimo cha mtoto mwenyewe, na pembe za kumzuia asianguke upande, na meza ndogo mbele yake ya kuwekea sahani. Mtoto aliyekuwa anakula amelala anakula ameketi, na hatari ya chakula kuingia katika mapafu inapungua. Makaratasi ni ya bure, unga ni kidogo. Kinachogharimu ni siku za mtu wa kufanya kazi hiyo, na ndizo ambazo mchango wa ekipe unaweza kulipa.

Shida ya ufundi huo ni maji. Kiti kisipokauka mpaka ndani, kinaoza. Mwezi wa tisa unaofaa Sydney, kwa kuwa huko baridi inaisha, ndio mwezi ambao mvua inarudi Bukavu. Atakayejaribu huku afadhali aanze mwezi wa sita ao wa saba, wakati wa kiangazi, vumbi likiwa jingi na jua la kutosha.